Bi Karani Aliyejua Kutafuta

Nimeshamsamehe Bi Karani mara tatu, na mara zote tatu nimeamka asubuhi nikaufuta msamaha wangu. Kwa hiyo mtu asisome hapa akadhani namsifu. Wala sijaja kumsema vibaya. Nataka tu kumweka mahali pamoja, maana amekaa kichwani mwangu vipande vipande na ananisumbua.

Kwanza, alikuwa hakai. Mtu yeyote aliyekuwa Lushoto miaka ile intaneti ilipoingia atakwambia hivyo. Kile chumba cha jirani na stendi kilikuwa na kompyuta nne na viti vitano, na kiti cha tano kilikuwa chake, lakini kazi ya kiti hicho ilikuwa kubeba sweta lake. Yeye alisimama nyuma ya migongo yetu akienda na kurudi, karafuu mdomoni, akisoma skrini za watu bila aibu hata kidogo. "Futa hilo neno." "Na hilo nalo la nini?" "Wewe mwalimu, unaihoji mashine kama unahoji darasa la tatu." Ukigeuka umjibu, ameshafika kwa mwingine.

Tulimwita Bi Karani kwa sababu alikuwa karani wa masjala katika shamba moja la chai huko juu, miaka mingi, mpaka shamba lilipouzwa na yeye akapunguzwa. Alikotoka kabla ya hapo sijui na sikuuliza. Wapo waliosema ni mtu wa Songea, wapo waliosema Kigoma, na yeye mwenyewe akiulizwa alijibu kwamba ni mtu wa kabati la tatu, droo ya chini. Kishambaa alikijua vizuri, ila alikitumia kwa kugomba tu. Ukisikia amehamia Kishambaa, ujue umeharibu.

Mimi aliniita Wewe wa Karoti. Nilikuwa nanunua karoti na kabichi kwa wakulima wa kwetu Soni na kuwauzia wenye malori waliokuwa wakipanda kutoka Dar tangu biashara ilipofunguliwa. Siku za gulio nilipanda Lushoto, na nikimaliza shughuli zangu naingia pale kwenye kompyuta na udongo wangu kwenye kanga. Nilikuwa na jambo moja tu lililonipeleka: kumpata mdogo wangu Samweli, aliyeondoka nyumbani bila kuaga, nimpate kabla mama yetu hajafa. Mama alikuwa anaumwa kifua na alikuwa anapungua. Kila mtu aliliona hilo, hata wateja wangu.

Nitafika huko. Ngoja kwanza nimalize mikono yake.

Alipiga chapa kwa vidole vyote kumi huku anatazama dirishani, na ndiyo sababu yule Mpare mwenye duka la madaftari, aliyeleta hizo kompyuta, alimwajiri. Alitaka mtu wa kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Hakujua ameajiri balaa. Wiki ya pili tu Bi Karani alishagundua kuwa ndani ya ile mashine kuna kisanduku cha kutafutia, unaandika maneno nayo inakuletea kurasa za dunia nzima, na akasema kwa sauti, watu wote wakasikia: "Kumbe ni masjala! Masjala tu, ila karani wake hana akili."

Hilo ndilo lililokuwa somo lake zima. Karani hana akili, ana mbio. Ukimwambia lete faili la Juma, analeta mafaili ya kina Juma wote wa nchi hii, anakumwagia mezani, anasimama anakutazama. Kosa si lake. Kosa ni lako uliyemtuma vibaya.

Na sisi tulimtuma vibaya, Mungu wangu! Watu wa kwetu tumelelewa kwa adabu. Huingii nyumba ya mtu ukaanza kuomba chumvi, unaamkia kwanza, unauliza za watoto, za shamba, mvua huko kwenu imenyesha? Kwa hiyo tulipowekwa mbele ya kile kisanduku tulifanya tulivyofundishwa. Mimi mwenyewe, siku ya kwanza, nilikiandikia hivi: Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi ni dada yake Samweli wa Soni, naomba msaada wako kumtafuta mdogo wangu aliyeondoka, ni mrefu, mpole, mama anamlilia. Nikabonyeza. Ikaniletea Kitabu cha Samweli, mahubiri, na kwaya za mikoa mitatu.

Bi Karani alisimama nyuma yangu akasoma lote mpaka mwisho. Halafu akacheka mpaka karafuu ikamtoka. "Umemwandikia nani, askofu? Hii haina umri, binti. Usiiamkie. Haijui mama ni nini na haijui kulia ni nini. Kila neno unaloipa, inakwenda kulitafuta. Umeipa 'natumaini', basi iko huko inatafuta matumaini."

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Lakini dakika hiyohiyo aliingia mtoto wa shule akapita mbele yake bila kumwamkia, na yeye akamrudisha mlangoni aingie upya. Ndivyo alivyokuwa. Shikamoo kwa watu aliidai kwa ukali, kwa mashine akaipiga marufuku, na hakuona kama kuna haja ya kutueleza tofauti.

Mzee mmoja alipanda siku moja kutoka Mnazi, kule tambarare, na nyanya zake zilikuwa zinakauka zikiwa bado kijani. Alikuwa ameandika: nyanya zangu zinakufa nifanyeje. Bi Karani alimwambia, kwa heshima lakini hakupunguza makali, "Mzee wangu, shikamoo. Hiyo uliyoandika ni huzuni yako. Aliyeandika kuhusu ugonjwa huu hakuandika huzuni yako, aliandika alichokiona. Wewe umeona nini?" Mzee akasema jani linalegea mchana. Nini tena? Hajui. Akaambiwa arudi na mche mmoja. Aliporudi, Bi Karani alikata shina kwa kisu cha bahasha, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji, akatuita wote tuje tutazame. Ute mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, polepole, kama moshi wa sigara. "Haya! Sasa tuna maneno," akasema. Akaandika nyanya, akaandika mnyauko, shina, ute, maji, halafu akayageuza yote kwa Kiingereza kwa sababu, alisema, wenye maabara hawaandiki Kiswahili. Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa wenyewe. Mzee aliambiwa asipande tena nyanya eneo lile kwa muda mrefu. Hakufurahi, lakini alijua.

"Usiandike swali," alikuwa akitupigia kelele. "Andika jibu! Jifanye wewe ndiye uliyejibu, ungetumia maneno gani? Hayo ndiyo uyaandike." Na alitufundisha kuyafunga maneno mawili kwa alama za kunukuu yasitawanyike, na kuweka alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka, ili lile karani jinga liache kukuletea mahubiri. Yaliyofanya kazi aliyanakili kwenye kaunta buku lake kwa wino mwekundu, upande mmoja aliyeomba, upande wa pili maneno yaliyoleta. Alilificha lile buku chini ya sweta. Hata Mpare hakuruhusiwa kuligusa.

Mtu huyuhuyu aliyetuhimiza kutupa maneno ya bure alikuwa anaongea tangu anafungua mlango mpaka anafunga. Mtu huyuhuyu aliyekuwa na masjala safi, nyumba yake, nimeingia, hupati pa kuweka mguu. Masufuria juu ya magazeti, magazeti juu ya kitanda, kuku juu ya vyote.

Na mafaili. Hili lazima niliseme, maana ndilo lililowafanya watu wamheshimu hata alipowatukana. Shamba la chai lilipouzwa, watu wa mwenye mali mpya walikuja kusafisha ofisi. Mafaili ya wafanyakazi yakatolewa nje yakarundikwa karibu na kiwanda yawe ya kuwashia moto. Bi Karani alikuwa ameshalipwa chake na kuambiwa aende. Hakwenda. Aliazima matenga ya kuchumia chai, akayabeba yale mafaili kichwani, kidogo kidogo, siku nne, mpaka kwake. Hakuna aliyemzuia, walidhani anataka kuni. Miaka iliyofuata, wachuma chai wa zamani walipokuwa wanahangaikia mafao yao na kuambiwa hawana ushahidi kuwa waliwahi kuajiriwa, walikuwa wanapanda kilima kwenda nyumbani kwa Bi Karani. Anakuuliza mwaka, anakuuliza msimamizi wako alikuwa nani, anaingia ndani, unasikia kuku wanafukuzwa, anatoka na karatasi yako. Waislamu, Wakristo, wasio na dini, aliwapa wote. Nimewaona wanaume wazima wanalia pale uani.

Lakini mdomo! Binti mmoja alikuja amtafute mchumba wake aliyesema anafanya kazi Arusha. Bi Karani alimpata baada ya muda mfupi tu, kwenye picha ya harusi ya kanisa fulani, na yeye ndiye bwana harusi. Angeweza kumnong'oneza yule binti. Hapana. Alitangaza: "Huyu hapa, ameshaoa, suti ya kijivu." Chumba kizima kiligeuka. Yule binti hakurudi tena pale, na mimi nilimchukia Bi Karani siku hiyo kwa niaba yake. Nilimwambia. Akanijibu, "Ameuliza, nimejibu. Ulitaka nimfiche?"

Maneno hayo nayakumbuka vizuri mno.

Kumhusu yeye mwenyewe, hakuwahi kutafuta kitu. Nilimuuliza, hata siku moja hujatafuta mtu wako, rafiki uliyesoma naye? Akasema, "Vyangu vyote najua vilipo." Akaenda kumgombeza mtu aliyeegemea meza.

Sasa Samweli.

Mdogo wangu alikuwa na kitu kimoja mikononi, kubebesha miti. Alikuwa anachukua kikonyo cha peasi nzuri anakibebesha juu ya shina la mti wa hovyo, na mwaka wa pili au wa tatu mti wa hovyo unazaa mapeasi ya kukupasua mashavu kwa utamu. Nyuma ya nyumba yetu alikuwa na kitalu, miche mistari na mistari, mapeasi na plamu. Halafu malori yakaanza kuja. Malori hayakutaka peasi za miaka mitatu ijayo, yalitaka kabichi za wiki ijayo. Siku moja Samweli yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, baba akaingia kitaluni na jembe akang'oa vyote. Samweli alirudi akakuta kitalu kitupu. Alichukua kisu chake cha kubebeshea akaondoka. Baba akatangaza kwamba jina lile lisitajwe ndani ya nyumba yake.

Na halikutajwa. Baba alifariki mwaka wa pili baada ya hapo, tukamzika, na marufuku yake ikabaki imekaa sebuleni. Mama alikuwa akiniuliza kila nikirudi kutoka gulioni, "Lushoto wanasemaje?" Hakuuliza zaidi ya hapo. Nilijua anauliza nini. Nilimjibu hawajasema kitu, akageukia ukutani. Mimi si mtu wa kukaa na jambo kama hilo. Nilikuwa silali vizuri, nakosana na wateja, siku moja nilimwaga karoti za mtu barabarani kwa hasira ambayo haikumhusu.

Kwa miezi nilihangaika na lile jina. Jina lake na la baba, jina lake na Soni, jina lake la ubatizo lote. Nilipata kina Samweli wachungaji, mmoja mpiga mpira, mmoja marehemu aliyenifanya nikose pumzi mpaka nikaona umri wake. Bi Karani alinitazama kwa magulio matatu au manne bila kuingilia, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Kisha akavuta kiti cha sweta lake, akalitupa sweta mezani, akakaa. Nilishtuka.

"Wewe wa Karoti, unamtafuta mdogo wako kama dada. Huko aliko hakuna mtu anayemjua kama mdogo wako. Mimi nimeandika maelfu ya watu. Mtu haandikwi kwa sababu anapendwa, anaandikwa kwa sababu kuna mwenye shida naye. Nani huko ana shida na Samweli?"

Nikasema, mtu mwenye miti.

"Miti gani?"

"Mapeasi. Plamu."

"Wenye mapeasi nchi hii wako wangapi? Wako huku, wako Nyanda za Juu Kusini kwenye baridi. Huku angekuwepo ungeshamwona. Haya. Anabebesha vipi ambavyo wengine hawabebeshi?"

Nilianza kusema kawaida tu, anakata, anaunganisha, anafunga. Akanikatiza. "Anafunga kwa nini?"

Nikamwambia kwa kamba ya mgomba, kwani wengine wanafunga kwa nini? Ile ya kwetu, ganda kavu la mgomba unalichana nyembamba, unaliloweka usiku kucha kwenye maji, unazungusha likiwa limelainika, halafu likikauka linabana lenyewe. Babu alifunga hivyo. Wataalamu walipoleta nailoni, Samweli aliikataa, akasema inaunyonga mti.

Bi Karani aliniangalia kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake. Nusura liwe la upole. "Miezi yote hii," alisema, "umekaa na neno hilo, unaniandikia 'mrefu, mpole'."

Aliandika kwa Kiingereza. Peasi, kubebesha, kamba ya mgomba iliyolowekwa, Tanzania. Hakuweka jina. Nilitaka kumkumbusha aweke jina, akanipiga mkono.

Umeme ulikuwa wa wasiwasi wiki ile na ule ukurasa ulifunguka mstari kwa mstari. Ulikuwa wa mradi fulani wa matunda huko kusini, karatasi ndefu ya kuwaeleza wafadhili. Bi Karani alinitafsiria huku ameshika bega langu. Waliandika kuwa wana fundi mmoja wa kitalu, ametoka milima ya Usambara, amekataa nailoni yao kabisa, anafunga kwa kamba ya mgomba, na miche yake inashika kuliko ya wenzake. Hawakumtaja jina. Chini kulikuwa na picha ya mikono miwili na mche katikati. Sura haikuwepo. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na kucha, na ile kucha niliing'oa mimi kwa mlango wa zizi tukiwa watoto.

Nililia mbele ya watu wote na hakuna aliyenisema.

Tuliandika barua pepe kwa ule mradi saa ileile. Mimi sikuwa na anwani, tukatumia ya Bi Karani. Niliitunga, yeye akaipunguza, akaacha mistari minne: dada yako yu hai, baba amefariki, mama anaumwa sana, uje. Njia nzima ya kushuka Soni nilikuwa nazungumza peke yangu. Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka anachambua maharage, akaniuliza Lushoto wanasemaje, na kwa mara ya kwanza nikamwambia, wanasema yupo. Akaniuliza yupo wapi. Nikamwambia mbali, kwenye miti. Aliacha maharage akafunika uso kwa kanga, na aliposhusha ile kanga alilitaja jina lile mara moja, taratibu, kama anajaribu kama bado linatamkika.

Gulio lililofuata nilimuuliza Bi Karani, kuna jibu? Hakuna. Lililofuata, kuna jibu? Hakuna. La tatu nilifika mapema hata kabla hajafungua, mvua inaninyeshea. Hakuna. La nne, hakuna. Nilikuwa nakaa palepale namwambia afungue tena atazame, nami sijui hata kusoma zile anwani zilivyopangwa, anafungua, anasogeza, anafunga. Hakuna, binti. Nilidhani wale wa mradi hawakumpa barua. Nikadhani amehama. Siku moja nikadhani amesoma akacheka, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Mama alifariki wiki ya sita. Mpaka siku mbili kabla alikuwa anataka mlango wa mbele uachwe wazi mchana kutwa, na baridi yote ile ya Julai.

Bi Karani alikuja mazikoni. Alisimama nyuma kabisa, karibu na migomba, na kabla ya chakula akaondoka. Nilidhani ni heshima.

Miaka ikaenda. Simu za mkononi zikajaa mpaka kwa wachunga mbuzi, chumba cha intaneti kikafa, Mpare akarudi kwenye madaftari. Mimi nikaolewa, nikazaa watatu, nikaendelea na karoti. Bi Karani nilikuwa nakutana naye sokoni, ananiuliza habari za nyumbani, namweleza, tunaagana. Samweli nilishamweka pamoja na waliokufa. Si kwa kumzika, kwa kuchoka.

Mwaka jana nikasikia mguu umemvimba hatoki tena. Nikachukua sukari na sabuni nikapanda kwake, njia ya Magamba. Nilimkuta uani kwenye kiti cha kamba, mguu juu ya debe, kuku wamemzunguka. Amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda.

"Mama yako amefikisha mwaka wa ngapi?" akauliza.

"Wa saba."

"Jibu lilikuja."

Nikamuuliza jibu gani. Ukweli ni kwamba nilishajua.

"La Samweli. Wiki ya tatu. Siku ile umelowana mvua."

Aliendelea kwa sauti ya kawaida tu, kama anasoma orodha. Kwamba Samweli aliandika mwenyewe, akasema ndiye. Akasema anakuja, amalize tu msimu wa kubebesha, mwezi mmoja. Akaomba sana nisiambiwe. Aliogopa kuahidi halafu akwame, mama akae anatazama njia. Bi Karani akamjibu njoo upesi. Akajibu nakuja.

"Na mimi nilikuwa nakuuliza kila gulio," nikasema.

"Ulikuwa unaniuliza."

"Ukaniambia hakuna."

"Nilikwambia hakuna. Barua ilikuwa ya kwake. Mwenye faili ni yule aliyeandikwa juu yake, si yule anayelitaka."

"Usiniletee mafaili yako hapa!" Nilisimama, kigoda kikaanguka, kuku wakatawanyika. "Yule binti wa watu ulimtangazia mchumba wake mbele ya chumba kizima! Mimi mama yangu anakufa ukaona ndiyo siku ya kujifunza siri? Angekufa anajua! Ungenipa neno moja tu nimpelekee, Bi Karani, moja!"

Hakujitetea. Nilitaka ajitetee nipate pa kumshika. Alisema, "Nilidhani ni mwezi mmoja. Nilidhani atatokea mlangoni na mtafurahi wote. Mama yako akafa ndani ya mwezi huo. Nilikuja mazikoni nikuambie. Nikakuona. Nikashindwa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na kila mwaka uliopita ukawa unaongeza uzito."

Nilizunguka ule uwanja nadhani mara tano. Nilitaka kuondoka na sukari yangu, nakwambia kweli. Halafu nikamuuliza yuko wapi sasa, yu hai?

"Yupo hukohuko. Ana kitalu chake. Hupiga simu Jumapili."

"Anampigia nani?"

"Anajua wa mwisho wako anaitwa Rehema," akasema. "Siku uliyojifungua salama mimi ndiye niliyemwambia. Nimemwambia mara nyingi akupigie mwenyewe. Tangu nimwambie mama amefariki, husema dada hatanisamehe. Na mimi mwenyewe nilikuwa nakuogopa."

Alitoa kisimu chake cha kitochi kifuani, akakibonyeza bila kukitazama, akaninyooshea. Kilikuwa kinaita tayari. Kiliita, kikaita.

"Shikamoo, Bi Karani. Mbona leo si Jumapili?"

Sauti imekuwa nzito, imekuwa ya baba.

"Si Bi Karani," nikasema.

Upande wa pili palikuwa na upepo, na mtu mbali anaita mtu mwingine.

"Dada?"

Nilikuwa na maneno ya miaka yote hiyo, nilikuwa nayo nimeyapanga. Likatoka moja. "Ulisema unakuja."

Nilimsikia anavuta pumzi, anaitoa, anavuta tena.

"Bado nakuja, dada."

Nikakata. Nikawa natafuta pa kukiweka kile kisimu, sipaoni. Bi Karani hakunitazama usoni. Aliushusha mguu wake kwenye debe, pole pole, kwa maumivu, akasogea ukingoni mwa kiti.

"Piga tena," akasema. "Huwa anachelewa kupokea. Usikate."

Nikapiga.